Maswali na Majibu: Mizani na Vina vya Mashairi ya Vita

Shikamoo mwalimu. Nimeandika "Mto Kagera twavuka, mpaka tunaulinda". Mwenzangu anadai kila kipande kina mizani saba. Nani mkweli? (Kidato cha tatu, Majengo, Moshi)

Marahaba. Mkweli ni wewe. Mizani ni silabi, basi tamka huku ukigonga meza: m-to-ka-ge-ra-twa-vu-ka. Nane. Ile "m" ya mto inasimama peke yake, na ya mpaka vilevile. Mwenzako kazimeza. Ila mkifika kwenye "mwanajeshi", "mwa" ni mizani moja tu.

Nimetunga tarbia, shairi la mishororo minne kila ubeti, ya Vita vya Kagera. Kila ubeti unaishia "Vita havina mwenyewe, kila nyumba vyaifika". Mume wangu anasema nimechoka kufikiri. (Ngaramtoni, Arusha)

Dada, mwambie shemeji asome kwa sauti, tena shairi zima. Kibwagizo kizuri hakibadiliki neno, hubadilika maana. Kwenye ubeti wako wa pili vijana wanaitwa jeshini, basi "kila nyumba" ni nyumba walizotoka, akina mama wamebaki. Ubeti wa sita jeshi limeshavuka mpaka, mwaka 1979, na maneno yaleyale sasa yanagusa nyumba za Uganda. Hukusema kwamba hata upande wa pili kuna waliofiwa, lakini msomaji keshasikia. Hapo umenikamata.

Ninapogombana nawe ni ubeti wa saba: "tukashinda, tukashinda". Hiyo takriri haiongezi kitu. Naona ulikuwa unatafuta mizani nane, ukazipata kwa bei rahisi. Futa. Kina cha kati cha kibwagizo kutofanana na cha mishororo ya juu si kosa, usihangaike nacho.

Kwa nini tenzi za vita zina mishororo mifupi? (Soweto, Moshi)

Kisa ni kirefu, pumzi ni fupi. Chukua Utenzi wa Vita vya Wadachi Kutamalaki Mrima wa Hemedi bin Abdallah, unaosimulia mapambano ya pwani dhidi ya Wadachi, yaani Wajerumani, ya 1888 na 1889. Mizani nane tu kila mshororo, mitatu ya kwanza kina kimoja, na wa nne unashika kina kilekile ubeti hadi ubeti, ndicho kiitwacho bahari. Mapigano yanaruka huku na huku, bahari ndiyo inayoyafunga pamoja.

Wilfred Owen, yule mshairi Mwingereza wa Vita Kuu ya Kwanza, vina vyake mbona kama vimekosewa? (Njiro, Arusha)

Alikusudia. Katika "Strange Meeting" anaacha konsonanti zifanane na kubadilisha irabu, kama mtu akiishia mshororo kwa "bomu" na unaofuata kwa "bima". Sikio linangoja kina, halikipati sawasawa, linabaki na wasiwasi. Na shairi lenyewe ni la askari aliyekutana kuzimu na adui ambaye yeye mwenyewe ndiye aliyemuua. Owen aliuawa vitani tarehe 4 Novemba 1918, wiki moja kabla bunduki hazijanyamaza. Mizani yake pia usiihesabu kwa vidole kama yetu, maana Kiingereza hupima silabi zenye mkazo na zisizo nao. Wewe ukijaribu "bomu" na "bima" kwenye tarbia, mtahini ataandika guni pembeni, yaani shairi lililokosea kanuni za vina au mizani, na sitakutetea.