Viwavi hawakai sawasawa shambani: kagua kabla hujabeba bomba

Nalima nyanya na kabichi Hombolo, Dodoma, na kila anayeanza kilimo cha mboga namwambia: usipulize dawa kwa kuangalia mistari ya pembeni pekee. Viwavi hawatawanyiki kwa usawa.

Kiwavi mchanga haendi mbali na alipoanguliwa, kwa hiyo alipotaga mama yake ndipo utakapomkuta. Nondo wa jamii ya Spodoptera (ya viwavijeshi) hutaga mayai kwa rundo na kulifunika kwa manyoya yake. Ndiyo maana mche mmoja utajaa viwavi huku wa jirani ukiwa msafi kabisa. Yule nondo wa funza anayetoboa nyanya hutaga yai mojamoja, basi viwavi wake utawakuta mmoja huku, mwingine kule. Ukikagua miche michache tu, huyu atakupita, na kiwavi mmoja hutoboa matunda kadhaa.

Kantangaze, kiwavi wa nondo anayechimba majani ya nyanya, aliyeingia Tanzania mwaka 2014, ana tabia yake. Anapenda majani machanga ya juu. Nyanyua jani ulitazame dhidi ya jua: utaona mabaka mapana yaliyokauka, na ndani yake kiwavi mdogo na kinyesi cheusi. Ukiona vijistari vyembamba vya kupindapinda, huyo ni inzi mchimba majani, na dawa yake ni tofauti.

Huku kwetu kiangazi, bustani zote zinabanana kandokando ya maji na kila mtu kapanda kwa wakati wake. Nyanya zilizozeeka za jirani zinalea nondo wanaohamia kwenye miche yako, hivyo upande unaopakana nazo huanza kuliwa mapema. Anzia hapo, kisha ingia ndani kwa zigizagi. Simama sehemu kama kumi, kila sehemu kagua miche mitano, juu na chini ya majani. Andika idadi ya kila sehemu kivyake, kwani wastani wa shamba zima utakuficha penye viwavi wengi.

Viwavi wakiwa wamerundikana sehemu moja, chuma yale majani uyatie kwenye mfuko, uufunge vizuri na kuuacha juani. Dawa elekeza hapo na kwenye miche ya karibu yake. Wakiwa wametapakaa ndipo puliza shamba zima, jioni, na safari ijayo badili kundi la dawa, yaani tumia inayoua wadudu kwa njia nyingine. Masalia ya mavuno ng'oa uyateketeze mapema, na mwombe jirani naye afanye hivyo.