Makasha ya njumu za shaba: mbao, meno na kumalizia mkiwa wawili

Mkuu uliyeuliza, nimesoma swali lako kwa makini. Wewe na rafiki yako mmepata sehemu ya kufanyia kazi, mna randa na misumeno, na mnataka kutengeneza yale makasha ya pwani yenye njumu za shaba, yaani misumari ya mapambo, muwauzie watu wanaoozesha binti zao. Umeuliza mtumie mti gani, mmalizie na nini, na kwa nini makasha mengi mapya yanapasuka kifuniko kabla hayajatimiza mwaka. Mimi na swahiba wangu tunatengeneza makasha hapa Tanga. Yeye amekulia kwenye kuunda mashua, mimi nimejifunza useremala wa samani. Nitajibu kwa kirefu, maana naipenda kazi hii na inaniuma kuona kasha la harusi linapelekwa kwa mwali halafu linaachia viungo mapema hivyo.

Nianze na kupasuka, kwa sababu ukishalielewa hilo mengine yote yanafuata. Ubao hata ukiwa mkavu unaendelea kunywa unyevu masika na kuutoa kiangazi. Unatanuka na kusinyaa kwa upana wake. Kwa urefu, yaani kufuata nyuzi, haubadiliki kiasi cha mtu kuona. Kwa hiyo popote unapoubana ubao mpana usiweze kwenda wala kurudi, lazima upasuke, au uvunje kile kilichoubana. Kuna kasha lililetwa kwetu kurekebishwa, limenunuliwa dukani, shaba yake inang'aa kweli. Kifuniko kilikuwa kimepasuka kutoka mbele hadi nyuma. Tulipokigeuza tukakuta papi mbili, yaani vibao vyembamba vya kushikilia, zimekatisha kwa chini, zimegandishwa kwa gundi na kupigwa misumari pande zote. Mbao za kifuniko zilitaka kusinyaa, papi zikazuia, basi. Hakukuwa na mti mbaya pale.

Sasa mbao. Makasha ya zamani tunayoyaona Unguja, Lamu na Mombasa mengi yalikuja na majahazi kutoka India, Surat na Bombay na pwani ya Malabar, na mengine Ghuba. Mti uliopendwa ulikuwa msaji na shishamu. Msaji huo ndio mtiki wetu wa leo, mti uleule, tofauti ni umri. Mtiki wa mashamba ya Longuza kule Muheza au Mtibwa mkoani Morogoro ni mzuri sana, lakini unaopatikana kwa bei ya kawaida mara nyingi umevunwa ukiwa kijana, kwa hiyo kila ubao una ukanda mweupe wa nje. Ukanda huo mweupe ndio chakula cha dumuzi, yule mdudu anayetoboa mbao. Ukate wote, hata kama moyo unauma kuona ubao wa inchi kumi unabaki inchi saba. Sisi hatuweki mbao nyeupe popote kwenye kasha, hata kwenye kitako kisichoonekana, kwa sababu dumuzi haangalii kinachoonekana.

Mninga nao naupenda kuliko yote kwa kasha la ndani. Hausinyai sana ukishakauka, unarandika vizuri, rangi yake inakolea yenyewe. Mvule ni mgumu na mchwa hawaupendi, ila vumbi lake linawasha kifua na macho, kwa hiyo funga kitambaa kizito puani au vaa barakoa. Mkongo unadumu sana lakini unamaliza makali ya patasi, na kwa wanaoanza utawachosha mikono. Kama mko karibu na Usambara mkapata mkulo halali, hata vibao vya kutengenezea kile kisanduku cha ndani tu, mtafurahi: una harufu ya kafuri na nguo zinakaa vizuri. Msindano ni rahisi na mwepesi, lakini kwa kasha la njumu simshauri mtu. Misumari ya shaba inalegea ndani yake.

Mkinunua, dai risiti na hati ya kusafirishia ya Wakala wa Huduma za Misitu, ile tunayoiita TP. Mbao zisizo na karatasi zinaweza kukamatwa njiani, na mteja wa mbali anayetaka kupeleka kasha lake mkoa mwingine atakuuliza.

Halafu zikausheni. Kwa mbao zinazokaushwa kwa hewa tu, kipimo cha wazee ni mwaka mmoja kwa kila inchi ya unene. Huna subira hiyo? Basi nunua kwa mtu mwenye mbao zilizokaa, lakini zikifika kwenu zipangeni kivulini, vijiti katikati ya ubao na ubao, vijiti vyote vikiwa kwenye mstari mmoja toka chini mpaka juu, na vichwa vya mbao mvipake rangi yoyote ili visikauke haraka kuliko tumbo. Pima ubao mmoja kwenye mizani kila wiki, andika uzito. Uzito ukiacha kupungua, ubao umefika pale hewa ya kwenu inapotaka ufike. Jambo hili dogo swahiba wangu alilileta kutoka kwenye mashua na limetuokolea kazi nyingi.

Kuhusu umbo, sisi tunapendelea urefu wa futi tatu, upana wa inchi kumi na nane na kimo karibu hicho hicho bila miguu. Pande zote nne nyuzi zilale, zizunguke kasha kwa mlalo. Hapo masika yakija pande zote zinapanda pamoja na kiangazi zinashuka pamoja, pembe haziumizani. Pembe ungeni kwa meno yale ya mkia wa njiwa, yaani vikato vipana nchani vinavyoingiliana kama vidole. Najua watu wanapiga misumari wakafunika na bati la shaba, na mnunuzi hajui. Lakini kasha linabebwa likiwa limejaa, linaburutwa, linakaliwa na wageni siku ya shughuli. Meno hata gundi ikichoka yanashika. Chora meno upana wa inchi moja na robo hivi, usiyafanye membamba kwa mapambo, yatakatika ukiyagonga kwenye mbao ngumu.

Mtiki una mafuta yake ya asili na gundi nyeupe haishiki vizuri juu ya mafuta. Pangusa sehemu ya kuungia kwa kitambaa chenye tina, ile ya kuzimulia rangi, subiri ikauke dakika chache, paka gundi na kubana papo hapo. Ukiiacha mpaka kesho mafuta yanarudi juu.

Kitako msikipigilie misumari. Chimba mfereji kuzunguka ndani, kitako kielee humo bila gundi, na kiache nafasi kidogo pande mbili za upana. Kifuniko kiungwe ubavu kwa ubavu, mbao mbili au tatu, na papi za chini zishikwe kwa skrubu tu: skrubu ya katikati kwenye tundu la kawaida, za pembeni kwenye tundu refu kama yai ili mbao ziweze kutembea. Hapo ndipo lile kasha lililoletwa kwetu lilipokosa. Na droo, zile tatu za chini, kama mnatengeneza wakati wa masika zibaneni vizuri tu, zitalegea zenyewe. Kama ni kiangazi, acheni nafasi ya kupitisha kadi nene juu, vinginevyo mwezi wa nne mama mwenye kasha atashindwa kuzifungua.

Sasa kumalizia, ambako umeuliza kidogo lakini ndiko kazi ilipo. Utaratibu wetu haubadiliki: mbao inamalizwa kabisa kwanza, shaba inafuata. Ukipiga njumu kwanza, msasa hautapita katikati yake, vanishi itajikusanya kuzunguka kila kichwa cha msumari, na ukija kusugua shaba, ile dawa ya kung'arishia inaacha unga mweupe kwenye vinyweleo vya mbao usiotoka. Piga msasa namba 80 kama randa imeacha alama, kisha 120, kisha 180, daima kufuata nyuzi. Kisha lowesha ubao kwa kitambaa chenye maji, nyuzi zitasimama, ziache zikauke, pitisha 220 kidogo tu. Usipofanya hivyo koti la kwanza litazisimamisha na utasugua upya.

Nje tunatumia shelaki, ile gundi ya asili ya kung'arishia mbao, iliyoyeyushwa kwa spiriti, makoti mengi membamba kwa tambara, na mwisho nta ya nyuki. Inatoa ule mng'ao wa ndani, na ikichubuka miaka ijayo unaongeza juu bila kukwangua yote. Udhaifu wake ni maji ya moto: kikombe cha chai kitaacha duara jeupe, mwambie mteja. Siku yenye unyevu mwingi nayo inapauka kama imepigwa ukungu, kwa hiyo wakati wa masika sisi tunasubiri jua lipande, umande ukauke, na hatupaki jioni kabisa. Anayetaka kasha lisiloogopa maji tunampakia vanishi. Inadumu, ingawa jicho langu haliipendi.

Ndani msipake mafuta ya kitani wala mafuta ya nazi. Tafadhali zingatieni. Ndani ya kasha hakuna hewa, mafuta ya kitani yatanuka kwa muda mrefu na nguo zitabeba ile harufu, na ya nazi hayakauki kamwe, yanachacha na kutia doa. Kanga za harusi na vikoi vitaharibika. Acheni mbao tupu, au koti mbili za shelaki. Udi mwenye kasha atafukiza mwenyewe. Na matambara yaliyolowa mafuta ya kitani yatandazeni nje yakauke au yatieni kwenye ndoo ya maji. Yakikunjwa na kutupwa pembeni yanajipasha joto yenyewe mpaka yanawaka. Karakana yenye vumbi la mbao haihitaji zaidi ya hapo kushika moto.

Shaba ni laini, mbao zenu ni ngumu. Kila msumari wa njumu utobolewe tundu kwanza, jembamba kidogo kuliko msumari, la sivyo utapinda au kichwa kitaruka. Kwa skrubu za shaba, ingizeni kwanza skrubu ya chuma yenye ukubwa uleule ikate njia, itoeni, halafu ile ya shaba muipake nta na kuifunga taratibu. Ikikatikia ndani kwenye mkongo mtajuta. Mchoro wa njumu usipigwe kwa macho. Chora kwenye karatasi ngumu, kunja katikati ili pande mbili zilingane, tobolea karatasi kwa msumari, kisha uhamishie alama kwenye mbao. Mabati ya shaba ya kifuniko msiyakatishe upana wote kwa kipande kimoja, kateni vipande viwili au vitatu vyenye mwanya ambao mstari wa njumu utaupamba. Sababu ni ileile ya papi. Yasafisheni kwa ndimu na chumvi kabla ya kuyapigilia, muoshe na kukausha kabisa, maana asidi ikibaki chini ya bati itafanya rangi ya kijani.

Kifuniko kizito kinang'oa bawaba kikiangukia nyuma. Wekeni mnyororo wa ndani ukishike kikiwa kimepita wima kidogo. Na kasha lisikae sakafuni, liwe na miguu inayoacha hewa ipite chini.

Umeuliza pia mtagawana vipi kazi bila kugombana. Sisi hatukugawana kwa nusu. Meno na ndani ni yake, kumalizia na shaba ni yangu, na mchoro tunakaa wote na chai mpaka tukubaliane. Kuna sharti moja tulilowekeana tangu mwanzo: aliyefanya hatua haipitishi yeye. Nikimaliza msasa, yeye ndiye anayewasha taa, anailaza pembeni ya ubao mwanga upite juu yake, na kunionyesha mikwaruzo. Akisema bado, ni bado, sibishani naye. Nami meno yake nayakagua kabla gundi haijafunguliwa. Mtu aliyechoka anataka kwenda hatua inayofuata, na macho yake yanamsaidia kutaka hivyo. Mwenzake hana uchovu wa hatua ile. Makasha yetu mengi yamekuwa mazuri kwa sababu ya lile neno "bado", na sijawahi kuliona kama tusi kutoka kwake.

Fedha ziandikeni kwenye daftari moja, mbao na shaba zitoke kwenye mfuko wa pamoja kabla ya yeyote kuchukua chake. Na msipokee oda ya harusi ya mwezi ujao kama mbao hazijakauka. Tumekataa oda za watu tunaowaheshimu kwa sababu hiyo, tukawaeleza, na wengine wamerudi kwa binti wa pili.

Kasha likikamilika liacheni wazi kivulini wiki mbili kabla ya kulikabidhi, harufu ya spiriti itoke. Ukishapata mbao andika hapa ni mti gani, unene wake na umezikuta na hali gani, nitakuchorea nafasi za meno na ukubwa wa mfereji wa kitako.