Kabla ya kukodi ukumbi wa zamani wa maigizo kwa kongamano

Ukumbi wa zamani wa maigizo, hata ukikarabatiwa ukang'aa, ulijengwa ili mamia ya watu wakae gizani wakimtazama mmoja. Kongamano linataka mwanga wa kuandikia, na linataka sauti itoke vitini iende jukwaani. Kwa hiyo unayetafuta ukumbi Nakuru au Kisumu, bei iache kwanza. Nenda saa ileile ya mkutano wako, ukae safu ya mwisho, mwenzako asome jukwaani bila maikrofoni.

Ukarabati mara nyingi huacha kuta zenye lipu laini na kuondoa mapazia mazito, basi mwangwi huingia. Piga kofi moja. Mlio ukidumu sekunde mbili, maneno ya msemaji yatapandana. Kuongeza sauti hakusaidii hata kidogo, kunauchochea mwangwi tu. Rudisha pazia la nyuma ya jukwaa, tandika zulia njiani, na spika ziwe mbele ya maikrofoni, zikielekea watu. Zikiwa nyuma yake, utasikia mluzi. Kwa maswali tenga maikrofoni mbili zisizo na waya na vijana wawili wa kuzizungusha, maana viti vilivyofungwa sakafuni havipitiki.

Umeme nao una hesabu yake. Soketi ya ampea 13 kwa volti 240 hubeba takriban wati 3,000, na mtungi mkubwa wa umeme wa kuchemshia chai unaweza kuzimaliza peke yake. Ukiuchomeka laini moja na mitambo ya sauti, umeme ukikatika mtoa mada hukatika nao. Chai ichemshiwe nje, kwa gesi.

Projekta ya kawaida yenye uwiano wa 1.5 (umbali wake hadi skrini ukigawanywa kwa upana wa picha) huhitaji kukaa mita 6 kutoka skrini ili itoe picha ya upana wa mita 4. Taa za jukwaani zinazopiga kwenye skrini zizimwe.

Kisumu, mvua nyingi hunyesha alasiri na jioni. Chini ya mabati yasiyo na dari hakuna spika itakayoishinda, basi mada nzito ziwe asubuhi. Mijadala ya vikundi itafutiwe hema au vyumba vya pembeni.

Jukwaa la sentimita 90 likiwekewa njia ya kiti cha magurudumu kwa mteremko wa 1 kwa 12, yaani kupanda sentimita 1 kwa kila sentimita 12 za urefu, njia hiyo itakuwa karibu mita 11. Kumbi nyingi hazina nafasi hiyo. Shusha meza ya wazungumzaji chini, mbele ya jukwaa. Hapo hata maswali husikika vizuri zaidi.