Kwa nini mwalimu alimkatia moto?

SWALI: Babu alijifunza urubani jeshini. Hadi leo anacheka akimtaja mwalimu wake, eti alikuwa akimkatia injini angani bila kumwonya. Huyu alikuwa mwalimu au adui?
— Msomaji, Tabora

JIBU: Mwalimu, tena wa kweli: alikuwa akimzoesha kutua injini ikifa angani. Ila injini haizimwi: anafungua kwanza hewa ya moto ya kabureta (kifaa kinachochanganya mafuta na hewa), isije ikashika barafu, kisha anarudisha wenzo wa mafuta hadi mwisho. Injini inanguruma taratibu tu.

Mwanafunzi ashushe pua mara moja apate mwendo wa kuelea. Wengi huivuta juu wakidhani wananunua muda. Mabawa hukosa hewa na ndege hudondoka. Halafu achague uwanja, akijua upepo unatoka wapi, ndipo akague mafuta na magineto (vifaa vinavyowasha cheche za injini). Mteremko ukiwa mrefu, wenzo husukumwa kidogo kila baada ya futi 1,000 hivi, injini isipoe mno.

Tabora, iliyo karibu mita 1,200 juu ya usawa wa bahari, ina mtego wake. Mchana wa jua kali hewa ni nyepesi: saa ya mwendo inaonyesha namba ileile, lakini ndege inakimbia zaidi juu ya ardhi na inahitaji njia ndefu kusimama.

Ufundishaji huu una mizizi Gosport, Uingereza, ambako mwaka 1917 Robert Smith-Barry, rubani wa jeshi aliyefundisha marubani, aliamua mwanafunzi aonjeshwe hatari akiwa na mwalimu, badala ya kukatazwa kuisogelea. Muulize babu kama nao walizungushwa angani, ndege ikizunguka kama pia ya mtoto. Hapo atacheka zaidi.