Jibu: Kuingia katika ualimu wa sekondari nchini Kenya
Ndugu, umeuliza iwapo wastani wa C+ katika KCSE, mtihani wa kitaifa wa kumaliza shule ya sekondari, watosha kukufanya mwalimu wa sekondari. Watosha, mradi uwe na C+ pia katika masomo yote mawili utakayofundisha, kisha usomee shahada ya elimu kwa miaka 4, ambamo utatumwa shuleni kwa mazoezi ya kufundisha, na hatimaye usajiliwe na Tume ya Huduma za Walimu (TSC), kwa kuwa sheria hairuhusu mtu kufundisha bila usajili. Kazi yenyewe haiishii ubaoni: kuna maazimio ya kazi (mpango wa mada za kufundishwa muhula mzima), maandalio ya somo na, jambo ninalolithamini zaidi, usahihishaji wa insha, ambapo kosa moja likijitokeza katika madaftari mengi, huna budi kuifundisha mada hiyo upya kesho yake.