Miwaridi na haidrenjia tuta moja: maswali yenu

Shikamoo bibi. Niko Ipuli, Tabora, nina miwaridi minne mbele ya nyumba. Nataka kupachika haidrenjia, yale maua ya vichwa vikubwa, katikati yake. Zitakubaliana?

Marahaba mwanangu. Katikati, hapana. Mwaridi unataka jua la muda wa saa 6 kila siku. Haidrenjia hunyong'onyea jua la mchana likianza kupiga, na Septemba ya Tabora unaijua. Chimba tuta upande wa mashariki wa nyumba. Miwaridi ikae ukingo wa nje, haidrenjia nyuma, karibu na ukuta, mita moja baina yao. Asubuhi mimea yote inaota jua. Alasiri kivuli cha nyumba kinaifikia haidrenjia kwanza. Usiipeleke chini ya mwembe ukadhani umepata kivuli cha bure: mizizi ya mwembe itamaliza maji yote.

Mchanga wetu haushiki maji, kwa hiyo changanya samadi iliyooza vizuri, halafu tandaza maganda ya karanga juu. Kiangazi haidrenjia inywe kila siku, miwaridi mara mbili kwa wiki lakini kwa kushiba. Mwagia shinani, asubuhi. Majani ya mwaridi yakilala na maji yanaota madoa meusi.

Nilinunua haidrenjia ya buluu. Hapa Mwanga, Kigoma, imechanua pinki. Nimetapeliwa?

Hujatapeliwa. Rangi inatoka kwenye udongo: ukiwa na uchachu, mmea hufyonza alumini na ua huwa buluu, uchachu ukipungua, ua hugeuka rangi ya waridi (eti limemwiga jirani!). Hebu niambie, majivu ya jikoni unamwaga wapi? Majivu huondoa uchachu. Yaache, kisha yeyusha kijiko kimoja cha shabu, ile ya kutulizia maji, katika lita 4 za maji, umwagie mara moja kwa mwezi. Usizidishe, na usiimwage upande wa miwaridi, maana yenyewe haitaki uchachu mkali. Mimi ningeihamishia haidrenjia kwenye ndoo kuukuu iliyotobolewa, niizike humohumo tutani. Haidrenjia nyeupe usihangaike nayo, haigeuki buluu.

Nilipogoa vyote siku moja. Miwaridi imejaa maua, haidrenjia majani matupu. Kwa nini?

Umekata maua ya mwaka huu. Mwaridi huchanua kwenye machipukizi mapya, kwa hiyo ukikatwa unafurahi. Haidrenjia hizi za vichwa vikubwa hubeba vitumba kwenye matawi ya msimu uliopita. Ondoa vichwa vilivyokauka na matawi yaliyokufa tu. Tena hufunga vitumba usiku ukiwa wa baridi. Tabora baridi ya Juni na Julai inasaidia. Kando ya ziwa maua yatakuwa machache hata ukipogoa vizuri.

Mbuzi wa jirani wanaingia. Je, haidrenjia itawafukuza?

Haiwafukuzi, itawadhuru: majani yake yana sumu. Miwaridi ndiyo wataimaliza. Jenga uzio, na zungumza na jirani kabla hujajenga.