Mwalimu, Mama Mkwe Anasema Wimbo Haushikiki

*Shikamoo Mwalimu. Ninaishi Newala. Mwanangu wa miaka 17 anapiga kinanda kwenye kwaya ya vijana parokiani kwetu. Baada ya mauzo ya korosho tulichanga, kwaya ikanunua spika mbili kubwa. Tangu hapo mama mkwe wangu, anayekaribia miaka 80, hataki misa. Anasema "siku hizi wimbo haushikiki", analilia ngoma na kayamba za zamani, anabaki barazani na rozari yake mpaka turudi. Mwanangu anasema bibi amepitwa na wakati. Bibi anasema mjukuu kageuza kanisa disko. Mume wangu, kama kawaida, yuko shamba. Nimfuate nani? — Mama wa Katikati*

Marahaba, mwanangu. Barua yako nimeisoma mara mbili kwa sababu ya neno moja, nitalifikia. Kwanza nikupe kisa cha babu yangu.

Babu alikuwa katekista wa kigango upande wa Ndanda, misheni iliyofunguliwa na Wabenediktini wa Kijerumani mwaka 1906. Nilipokuwa mdogo misa ilikuwa ya Kilatini. Watoto tulijibu *Et cum spiritu tuo* bila kujua tunajibu nini, na *Kyrie eleison* tuliipaza tukidhani nayo ni Kilatini, kumbe Kigiriki. Kinanda kilikuwa kile cha kukanyaga kwa miguu. Mpigaji akichoka, nacho kinakohoa. Mwaka 1963 Mtaguso wa Pili wa Vatikano, mkutano mkuu wa maaskofu Wakatoliki wa dunia nzima, ukatoa hati ya liturujia iliyofungua mlango kwa lugha za watu na muziki wao. Miaka michache baadaye ngoma ikafika kigangoni kwetu.

Naiona Jumapili ile. Vijana wawili waliipasha ngoma nje kwa moto wa majani makavu, wakaingia nayo wakati wa matoleo. Babu akachukua kofia yake, akatoka, akasimama chini ya mwembe mpaka matoleo yakaisha. Nyumbani alisema: "Leo mmeleta ngoma, kesho mtaleta pombe." Kwake ngoma ilikuwa na mahali pake, jandoni na unyagoni. Hakuzoea. Mpaka uzeeni alikuwa akitembea hadi parokiani kusali misa ya alfajiri, isiyo na ngoma. Tulimzika kwa ngoma, hakuna aliyemuuliza.

Basi mwanao ajue kwamba hizo ngoma na kayamba anazozililia bibi yake leo, kuna mzee alishazitokea nje. Na bibi naye ajue. Mambo ya disko yaacheni. Waorthodoksi wa Ethiopia wanamchezea Mungu kwa ngoma kubwa na njuga za mkononi tangu karne nyingi zilizopita, na makanisa mengi ya Kiorthodoksi ya Kigiriki hayaruhusu chombo chochote, ni sauti ya mtu tu. Wote watakuambia wanafuata mababa.

Sasa lile neno. Mama mkwe wako kasema wimbo *haushikiki*. Wazee wengi wa rika lake hawakusoma, au macho yamekwisha. Wimbo wanao kichwani. Mwambie aanze wimbo wa Pasaka wa zamani uone: beti zote atazimaliza, na sauti ya pili juu, maana aliuimba uleule mwaka hadi mwaka. Kwaya ya vijana inaleta wimbo mpya kila Jumapili, maneno yamo kwenye simu zao. Bibi akianza kukidaka kiitikio, wiki ijayo hakipo. Mtu aliyeimba misa tangu utoto anageuzwa mtazamaji. Hata mimi ningebaki barazani.

Nami nina deni hapo. Nimefundisha kwaya miaka 31. Krismasi moja niliandaa wimbo wa sauti nne, tenori wanapishana na besi, kanisa zima kimya. Baada ya misa bibi mmoja alinishika mkono: "Mmeimba vizuri, mwalimu. Sisi tumewasikiliza." Nilitembea na sifa ile miaka mingi kabla sijaielewa.

Mtume mwanao barazani jioni, mikono mitupu, amwombe bibi wimbo mmoja wa matoleo wa ujana wake. Aurekodi kwenye simu. Kwaya iuimbe Jumapili tatu mfululizo, kiitikio cha kwanza bila spika, watu wasikie sauti zao wenyewe. Nyimbo mpya zipunguzwe, moja kwa mwezi inatosha, na ifundishwe kwanza kwenye jumuiya. Na hiyo spika, nina hakika imefungwa kwenye nguzo iliyo karibu na benchi la kina mama wazee. Ihamishwe. Mumeo naye arudi Jumapili moja, korosho hazikimbii.

*Mwalimu, nimehamishiwa kazi Masasi kutoka Dodoma. Ni Mwanglikana wa kuzaliwa. Jumapili ya kwanza nikakuta ubani, mishumaa na kengele. Je, niliingia kanisa sahihi? — Mgeni*

Sahihi kabisa. Dodoma umelelewa na mkondo wa CMS (Church Missionary Society), wamisionari wa Kianglikana wa Biblia na mahubiri, ambao moshi kanisani uliwatia wasiwasi. Masasi ilianza mwaka 1876, Askofu Edward Steere alipofika na watu waliokombolewa utumwani kutoka Zanzibar. Misheni yake, UMCA (Universities' Mission to Central Africa), nayo ya Kianglikana, ilipenda altare iwake na kanzu zing'ae. Vincent Lucas, aliyekuwa askofu wa kwanza wa Dayosisi ya Masasi mwaka 1926, alifika hata jandoni: badala ya kulipiga marufuku, alilitia sala na mafundisho ya Kikristo. Babu yangu angechukua kofia tena.

Ubani ukikukereketa, kaa karibu na dirisha. Lakini wahi, wenyeji wanalijua.